Dakika Tano Mbele ya Mgeni Rasmi

Cheo changu kilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kwanza Tarime, baadaye Serengeti. Ila wananchi walinijua zaidi kwa risala. Zahanati ikifunguliwa, kikundi cha akina mama kikipata mgeni, darasa la saba likifanya mahafali, walinijia na daftari na maneno yale yale: "Mama, tuandikie, lakini tumepewa dakika tano tu."

Dakika tano ni maneno mangapi? Wenzangu wengi walihesabu kurasa. Mimi nilitazama kwanza nani atasoma. Mtangazaji wa redio aliyetulia studioni nilimkadiria maneno 120 kwa dakika, mwalimu aliyezoea hadhara 100. Mwanafunzi wa darasa la sita, uwanjani, upepo ukivuma kwenye kipaza sauti na vigelegele vikimkatiza, nilimpa 80, na sikukubali kumwongezea. Dakika zake tano ni maneno 400, na hapo itifaki bado.

Itifaki inakula muda kweli kweli. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Mbunge, Katibu Tawala, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini: ukiwataja wote kwa vyeo, dakika imekwisha na hujasema lolote. Ndiyo maana naupenda usemi wa "itifaki imezingatiwa". Lakini kwa Wakurya, wazee wa mila huwezi kuwafunika humo. Hao niliwataja waziwazi, mara tu baada ya mgeni rasmi, kwa sababu magari yakishaondoka wao ndio wanaobaki na kijiji.

Kuna na tarakimu. Sh 12,500,000 kompyuta inaihesabu kama neno moja au mawili. Mdomoni ni "shilingi milioni kumi na mbili na laki tano", maneno manane. Taarifa za miradi inayopitiwa na Mwenge wa Uhuru zimejaa hesabu za aina hiyo: gharama ya mradi, nguvu za wananchi, fedha za halmashauri, fedha za serikali kuu. Na ratiba ya Mwenge haimsubiri mtu. Msafara una wilaya nzima ya kuzunguka kabla ya mkesha. Kwa hiyo kila tarakimu niliiandika kwa maneno kwanza, ndipo nikahesabu. Mara nyingi taarifa iliyoonekana fupi ilizidi muda kwa sababu ya fedha tu.

Kwenye mikutano ya vijijini, Nyamongo kwa mfano, mara nyingine palihitajika mkalimani wa Kikurya kwa ajili ya wazee. Hapo niligawa maneno kwa mbili, kisha nikapunguza tena, maana mkalimani mzuri haishii kutafsiri. Anaeleza, anajibu na minong'ono ya waliokaa chini ya mti.

Kilichoniuma miaka yote ni nafasi ya ombi. Kwa desturi risala huanza na historia, yakaja mafanikio, changamoto, na ombi mwishoni kabisa. Mshereheshaji akinong'ona "fupisha", linalopotea ni ombi. Nimeshuhudia mtoto akipokonywa kipaza sauti kabla hajafika kwenye ombi la madawati, na mgeni rasmi akasimama kusifia ngonjera. Ni kweli risala hukabidhiwa kwa maandishi, lakini mgeni hujibu alichokisikia, na ahadi iliyotolewa hadharani ndiyo wananchi wanayoweza kuidai. Kwa hiyo niliandika nikianzia mwisho: ombi kwanza, nikalitengea dakika nzima, halafu nikaona kilichobaki kinatosha nini.

Risala moja ilinifundisha zaidi. Kwa Wakurya ukeketaji hushamiri mwezi Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na wasichana wanaoukimbia wamekuwa wakipokelewa Masanga, upande wa Tarime, na kwenye nyumba salama mjini Mugumu. Mwaka mmoja niliombwa kumwandaa binti atakayesoma risala ya kufunga kambi ya wasichana hao. Rasimu aliyopewa ilikuwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, historia ya kambi na shukrani ndefu kwa wafadhili. Tulikaa kwenye benchi, simu yangu ikihesabu sekunde. Alisoma mbio mbio mpaka kwenye sentensi ya kuwaomba wazazi wawapokee nyumbani bila kuwalazimisha kukeketwa. Akanyamaza. Akairudia, akanyamaza tena. Nilifuta aya mbili za shukrani, nikaiachia sentensi ile nusu dakika, asome, anyamaze, aendelee akiwa tayari. Siku ya sherehe aliitumia yote, na hakuna aliyemwambia afupishe.

Nanyi mnaoandaa hafla, mwambieni msomaji dakika zake wiki moja kabla, msingoje asubuhi ya sherehe akiwa ameshavaa sare. Mtoto wa darasa la sita mpeni maneno 350 kwa dakika tano, na ombi liwe ndani ya 100 ya mwanzo.