Mapengo ya Busia

Nyanya yangu wa Samia alizeeka bila meno ya mbele ya chini, na sikuwahi kumsikia akiyasikitikia. Yaling'olewa angali msichana, siku moja na wasichana wa rika lake, kwa kipande cha chuma bapa, na aliyelia alitaniwa mpaka akaolewa. Majirani zetu Waluo waling'oa sita; kwetu idadi ilitegemea ukoo. Sababu aliyonipa ilikuwa ya tiba: pepopunda ikikufunga taya, watu wapate pa kukupitishia uji. Lakini alipoketi na wazee wenzake wakicheka vinywa wazi, niliona sababu nyingine ambayo hakuitaja. Pengo lile lilikuwa heshima. Mwenye meno yote ya chini alikuwa bado mtoto, au alikuwa mgeni.

Mama alizaliwa miaka ya hamsini akasomea kwa wamisionari, na wao walikuwa wameshaipiga vita desturi hiyo. Akakua na meno yake yote. Kilichokuja kumng'oa ni sukari.

Watu wa umri wangu wa Busia, mji ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, tumelelewa na sukari. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vya sukari vya Uganda vilidorora vikabaki karibu na kufa. Mwaka uliofuata kiwanda cha Mumias kikaanza kusaga miwa upande wetu, wa Kenya. Sukari ikawa inavuka kwenda Uganda usiku, juu ya baiskeli na vichwa vya watu. Miaka ikapita, mambo yakageuka: viwanda vya Uganda vikafufuka, bei yao ikashuka, na magunia yakaanza kurudi Kenya kwa njia zile zile za panya. Mama aliifanya biashara hiyo ikienda na ikirudi. Nyumbani hatukupima sukari kwa kijiko. Chai ilikuwa nzito, na mtoto aliyelia alipewa muwa atafune. Magego ya mama yalianza kutoboka kabla hajafika miaka arobaini.

Kuziba jino kulikuwa na bei yake, kung'oa kulikuwa rahisi. Kenya ilianza kuwatoza wagonjwa katika hospitali za serikali mwaka 1989. Uganda ilipofuta malipo ya namna hiyo mwaka 2001, watu wa upande wetu walivuka kwenda kutibiwa, mama akiwa mmoja wao. Alikaa kwenye benchi, akapigwa ganzi, jino likatoka, na mchana ule ule akarudi sokoni Sofia akiwa na pamba mdomoni. Aliyemhudumia alikuwa mpole na mkono wake ulikuwa mwepesi. Ila vifaa vya kuziba havikuwepo, na jino lililoweza kuokolewa liling'olewa pamoja na yasiyookoleka. Hali hiyo bado ipo katika zahanati nyingi za kanda yetu, na inaniuma kuiandika. Mtu anaingia na tundu dogo, anatoka na pengo.

Pengo la mama halikuwa la nyanya. Hakuna rika lililomshangilia. Alijifunza kucheka akiwa amefumba midomo, na kwenye picha za harusi yangu amegeuza uso kidogo.

Kizazi changu kikapata mapengo yake kwa pikipiki. Baiskeli za kubeba abiria zilianzia hapa mpakani miaka ya sitini, zikiwavusha watu na mizigo katika ile ardhi iliyo kati ya vizuizi viwili. Baadaye zikaja pikipiki, kwanza Uganda, kisha kwetu, na Kenya ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, kila kijana aliyepata mkopo alinunua moja. Mdogo wangu alinunua yake. Alianguka kwenye barabara ya Malaba, pale malori yanapopanga foleni ya kilomita nzima, akapoteza meno mawili ya juu ya mbele. Alikuwa na miaka ishirini na kitu na alikuwa anachumbia. Mtu wa umri huo huwezi kumwambia azoee.

Tulielekezwa kwa fundi wa meno mmoja mjini Tororo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka, na ukitoka mlangoni unauona Mwamba wa Tororo umekukalia juu ya kichwa. Daktari alikuwa ameshachukua chapa ya kinywa cha mdogo wangu. Fundi akaimwagia plasta, akaisubiri ikauke, akatengeneza ufizi wa nta, akayapanga meno mawili ndani yake huku akiyasogeza kwa ncha ya kisu upana wa unywele. Kisha akavifungia vyote ndani ya kikopo cha chuma chenye skrubu, akakichemsha katika sufuria juu ya jiko la makaa ili akriliki ya waridi ikae mahali pa nta. Kabla ya hapo alikuwa amemtoa mdogo wangu nje juani, akamwekea mdomoni kadi ya rangi za meno, moja baada ya nyingine, akisema taa ya ndani ni mwongo. Alichagua rangi yenye umanjano kidogo. Mdogo wangu alitaka nyeupe kabisa. Fundi alikataa: "Ukivaa hayo, kila mtu atajua ni ya kununua."

Nilivutiwa na kazi ile kuliko jambo lolote tangu nimalize shule. Siku hiyo nilimuuliza vifaa anavipata wapi, akasema kwa taabu. Nikaanza kumletea kutoka Nairobi: plasta, nta, unga wa akriliki, seti za meno, baadaye ganzi na glavu kwa madaktari. Wateja wangu wakaenea Busia zote mbili, Malaba, Tororo, hata Mbale. Kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, ukawa unakaguliwa na nchi zote mbili ndani ya jengo moja, upande ule unaokwenda, na safari zangu zikafupika sana. Ushuru haukufupika. Ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na akriliki yangu haitoki kwetu. Nililipa, na risiti nilizihifadhi.

Ndipo kampuni moja ya Nairobi inayoagiza vipandikizi vya meno kutoka Korea Kusini iliponitafuta. Walitaka mtu wa kuuza kuanzia Kisumu hadi Mbale, anayejua madaktari wa pande zote mbili na anayevuka mpaka bila woga. Waliahidi gari, mshahara, na kamisheni kwa kila kipandikizi. Kamisheni ya vipandikizi vichache ingezidi faida yangu ya mwezi mzima wa plasta na nta. Nina watoto shuleni. Sikulipuuza jambo hilo hata dakika moja.

Walinipa sanduku la mfano niende nalo nyumbani. Ndani mlikuwa na taya la plastiki, vipekecho vya unene tofauti, bisibisi ndogo ndogo, na vichupa vyenye skrubu za titani zisizozidi urefu wa punje ya mahindi. Nilisoma kila nilichoweza kukipata. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua bila kutafuta kwamba mfupa hushikamana na titani, mwaka 1952, alipochunguza mifupa ya sungura kwa vifaa vya titani, kisha akashindwa kuvitoa kwa sababu mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 alimtibu Gösta Larsson mjini Gothenburg, mtu aliyezaliwa na taya lenye kasoro, na Larsson alikaa na vipandikizi hivyo zaidi ya miaka arobaini, mpaka alipofariki mwaka 2006. Mfupa hupekechwa polepole huku ukimwagiwa maji ya chumvi, kwa kuwa ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja unaanza kufa. Halafu mgonjwa husubiri miezi, mfupa ushike, ndipo awekewe taji.

Mambo mawili yalinikaa moyoni. La kwanza, mfupa wa taya husinyaa baada ya jino kung'olewa; ndani ya mwaka mmoja unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake. Maana yake ni kwamba wale watu wetu wote waliong'olewa kwa kukosa pesa ya kuziba ndio watakaohitaji kwanza kuongezewa mfupa, yaani gharama juu ya gharama, na jino moja tu tayari linazidi laki moja za Kenya, karibu milioni tatu za Uganda. Mdogo wangu aliponiuliza kama na yeye anaweza kuwekewa, nilimpeleka apigwe picha. Mfupa ulikuwa umeshuka. Akahesabu, akasema fedha hiyo ni ada ya mtoto, akabaki na sahani yake ya akriliki.

La pili nilionyeshwa Tororo, kwenye kliniki ya daktari ninayemuuzia ganzi. Aliletwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, ambaye binti yake alimpeleka India akawekewa kipandikizi. Taji lilikuwa limelegea. Kila alipotamka "s" ulisikia mlio mdogo, na alikuwa ameacha kusoma somo kanisani kwa sababu ya mlio huo. Daktari alitoa kizibo kidogo cheupe kilichofunika tundu juu ya taji, akamulika, tukaiona skrubu iko chini pale. Kukaza tu, kazi ya dakika mbili. Lakini bisibisi zake hazikuingia. Nikakumbuka sanduku langu, nikalitoa kwenye mkoba. Alijaribu moja moja. Kila mtengenezaji ana umbo lake la kichwa cha skrubu, na hakuna hata moja yangu iliyoshika. Hakulazimisha, maana kichwa kikiliwa ndiyo basi. Akamuuliza kama alipewa kadi ya kipandikizi, ile inayoandikwa jina la mtengenezaji, kipimo na namba ya toleo. Hakuwa nayo.

Mwalimu alilitazama sanduku kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, kumbe wewe unauza hizi?"

"Bado, Mwalimu. Wameniita, nafikiria."

"Nikinunua kwako, baada ya miaka kumi nitakupata wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka jibu, kama anavyotaka kujua mtu aliyetapeliwa mara nyingi na wachuuzi wa mpakani. Sisi watu wa Busia tunaujua uchuuzi wa namna hiyo kwa sababu tumeufanya. Bei ikigeuka, tunageuka. Leo mchele, kesho mayai, keshokutwa vitenge. Mnunuzi wa jana hatukumbuki sura yake, na hakuna aliyeumia, maana mchele ukishaliwa umeliwa. Skrubu hii hailiwi. Inakaa ndani ya taya la mtu mpaka azikwe nayo, na siku ikilegea atahitaji mtu anayejua iliingia lini na ilitoka wapi. Tena vipandikizi kumi vinaingia mfuko wa shati. Hapa kwetu mtu atakuja tu kuvivusha kwa njia za panya bila namba wala karatasi. Kenya vifaa vya namna hii viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda viko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na kilichopita kwa mmoja hakijapita kwa mwingine.

Wengi niliowaomba ushauri waliniambia niikatae kazi hiyo, ni biashara ya matajiri. Fundi wangu wa Tororo alisema kinyume, ingawa vipandikizi vitampunguzia kazi siku moja. Alisema vitakuja nikiwepo au nisipokuwepo, kwa hiyo swali ni nani atakayevileta. Mimi nimezaliwa Marachi, shangazi yangu ameolewa Tororo, kaburi la nyanya liko Samia. Siendi popote. Nikaona kwamba hilo ndilo jibu la Mwalimu, na kwamba mgeni kutoka Nairobi asingeweza kulitoa.

Niliiandikia kampuni masharti. Kila mgonjwa apewe kadi, na nakala ibaki kwangu. Seti kamili ya bisibisi iachwe kliniki moja Busia na nyingine Tororo, na isirudishwe hata nikifukuzwa kazi. Hakuna skrubu itakayovuka mpaka bila karatasi za nchi zote mbili. Na kamisheni yangu ihesabiwe taji linapowekwa na mgonjwa anatafuna, isiwe siku daktari anaponunua skrubu, kwa sababu kamisheni ya skrubu itanifanya nimsukumie daktari hata mgonjwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mvutaji wa sigara asiyetaka kuacha.

Walikubali matatu ya kwanza. La nne walilikataa. Walisema hesabu zao haziwezi kusubiri miezi sita. Nilitia sahihi. Duka la plasta na nta nimemwachia mdogo wangu, kwa kuwa wengi wa watu wetu wataendelea kuhitaji sahani za Fundi, na sitaki zikosekane kwa sababu mimi nimepata gari.

Picha ya taya la Mwalimu tuliituma kwa madaktari kadhaa, na mmoja wa Kampala alilitambua umbo la skrubu. Bisibisi ikaja kwa basi ndani ya bahasha. Daktari alipomaliza kukaza, tulimwandikia Mwalimu kadi kwa mkono, na sasa anasoma tena kanisani.

Kamisheni bado wanaihesabu kwa skrubu. Kila robo mwaka nawaandikia upya, na kwenye barua ya mwisho nimewataja wagonjwa watatu ambao nilimshauri daktari asiwawekee, na kiasi nilichokosa kwa kila mmoja.