Kalibu ya Shingo

Ganda lilikatika Bisley, Jumapili moja ya manyunyu, na aliyekuwa amelipitisha ni mimi.

Nilisimama nyuma ya mstari, viziba masikio vikinibana. Mlio ulikuwa kama mingine yote. Mzee alipovuta komeo kikatoka kitako peke yake, mfano wa kifuniko cha soda. Ganda lililobaki lilikuwa limeng'ang'ania ndani ya chemba. Hakuumia. Aliinua mkono kumwita msimamizi, kisha akanitazama bila kusema kitu. Heri angenifokea.

Nimepanga chumba kwake, Woking, tangu nilipoanza shahada ya uzamili. Nasomea metali. Hataki kuitwa "Mister", nikamzoesha "Mzee", akalipenda. Ana Lee-Enfield Namba 4 mbili, zile ambazo nyumbani tunaziita Mark 4, zilizouzwa kwa raia jeshi lilipozichoka. Hukaa kwenye kabati la chuma na sijawahi kuzigusa. Kazi yangu ilikuwa bandani, kwenye maganda matupu. Mzee hupakia risasi zake mwenyewe: fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya, ganda lilelile. Lakini ganda likishafyatuliwa hutanuka, kwa hiyo kwanza hubanwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu ili lirudi umbo lake. Swali ni umbo lipi.

Hapo ndipo bunduki za jeshi zina mambo yake. Chemba za .303 zilichongwa kwa nafasi, ili risasi ya kiwanda chochote, hata yenye tope, iingie. Ganda lina ukingo kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaolizuia lisizame. Bega lake la mbele linaelea tu. Baruti ikiwaka, mwili wa ganda hushika kuta za chemba, kitako kinasukumwa nyuma, na shaba iliyo juu kidogo ya kitako inavutika, inakuwa nyembamba. Kalibu ya mwili mzima hulirudisha bega nyuma, na kila mlio unavuta upya palepale. Chukua waya wa hanga, ukunje na kuukunjua: utavumilia mara ngapi? Shaba ya maganda, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, ina uvumilivu mkubwa, ila si wa milele.

Dalili ipo, lakini iko ndani. Unachukua waya mwembamba uliokunjwa ncha, unakwaruza ukuta wa ganda kutoka chini kupanda juu. Ncha ikikwama kwenye mfereji, tupa. Jioni ile nilikuwa na maganda 120 na ripoti ya maabara ya kukabidhi usiku huohuo. Arobaini ya mwisho niliyapitisha kwa macho. Ripoti yenyewe, niamini, ilihusu uchovu wa metali.

Nilimwambia ndani ya gari, tukirudi. Akanyamaza mpaka kwenye taa nyekundu. "Basi tutafute kalibu nyingine," akasema.

Kalibu ya shingo hubana shingo tu, kiasi cha kushika kichwa cha risasi. Bega na mwili huachwa jinsi chemba ilivyovifinyanga, kwa hiyo safari ijayo hakuna nafasi kubwa ya kuvutika, na ganda hudumu. Gharama yake ni kwamba ganda sasa lina bunduki yake. Ya pili huenda ikakataa kufunga. Na baada ya kulipakia mara kadhaa komeo huanza kuwa zito hata kwa mwenyewe, ndipo ile kalibu ya zamani huitwa kusaidia kidogo. Mzee alisita. Miaka yote alikuwa amechanganya maganda ya bunduki zote mbili kwenye ndoo moja. Mwishowe tukanunua kalibu ya shingo, masanduku mawili, na rangi nyekundu ya kucha ya kutia alama kwenye vitako.

Tulikuwa tukipaka rangi hiyo nilipomtajia babu yangu mzaa mama. Alikuwa Keya, akapelekwa Burma, yeye akiita Bama, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi mto Chindwin. Bunduki yake ilikuwa ya .303 hiyohiyo. Utotoni, Songea, nilikuwa nikikaa kwenye kigoda kando yake barazani na kumuuliza habari za vita, naye anatazama mihogo. "Babu yako hapendi maneno," mama alisema. Nikaacha kuuliza. Alifariki nikiwa darasa la sita.

"Ulikuwa unakaa upande gani?" Mzee akauliza.

Sikuelewa. Akagusa sikio lake la kushoto, lile ambalo ukimsemesha kwalo sharti urudie. Ukiegemeza bunduki bega la kulia, alisema, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mtutu. Na yeye ujanani hakuvaa kitu masikioni.

Nikafumba macho niione baraza. Mlango ulikuwa kulia kwa babu. Kigoda changu hakikuwa na pa kukaa isipokuwa kushoto.

Mzee alikuwa amerudi kwenye rangi yake. Nikachukua ganda jingine, nikaingiza waya, nikakwaruza taratibu kutoka chini.