Keroka: Ukitafuta vyombo vya mababu, nenda mchana

UKITOKA Nairobi kwa barabara ya Narok, ukapita Bomet na Sotik, matatu huanza kupanda na kushuka vilima vya majani chai. Ukishavuka Chebilat, mahali ambapo Wakipsigis na Wagusii hupatana kila siku kwa biashara, hutakawia kuingia Keroka. Mikungu ya ndizi imepangwa kando ya barabara, wanaojaza malori wanapiga kelele, na makanga wanakuvuta mkono ili uendelee nao hadi mjini Kisii, umbali wa kilomita 25 hivi.

Keroka ni mji wenye wenyeji wawili. Sehemu yake moja iko Nyamira, nyingine iko Kisii. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, pande hizo mbili zimevutana kuhusu nani anayestahili kukusanya ushuru wa soko, na wachuuzi wamelalamika mara nyingi kwamba wanadaiwa na wote wawili.

Lakini upo mvutano mwingine hapa, wa zamani zaidi, ambao haupelekwi mahakamani. Fika Keroka Jumamosi nawe utaona maduka mengi yamefungwa na familia zimevalia nguo nadhifu kuelekea kanisani, kwa sababu Waadventista ni wengi katika nchi hii. Kanisa Katoliki lilifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaanzisha Nyanchwa mwaka uliofuata. Hata hivyo, ndani ya nyumba nyingi za wazee bado mna kibuyu, kigoda au pete ya chuma ambayo mwenyewe hatakuonyesha kabla hajajua wewe ni mtoto wa nani.

Makala haya yanakuhusu wewe unayetaka kuviona vitu hivyo. Huenda wewe ni mwanafunzi wa chuo, au ni mzazi ambaye kijana wake ameanza kuuliza babu zake waliabudu nini kabla ya misheni. Siku hizi wapo vijana wa mijini wanaotenga pembe ya chumba, wakaweka punje za wimbi, kibuyu, jiwe la Tabaka na vitabu viwili vitatu, kisha wakamkumbuka Mungu na mababu kwa njia yao wenyewe. Baadhi yao hujiita wapagani bila kuona haya, ingawa zamani jina hilo lilitumiwa kama tusi.

Hawako peke yao duniani. Huko Uingereza, sheria ya zamani ya uchawi ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu chake Witchcraft Today. Wanaofuata njia yake hadi leo huwa na kisu, kikombe na daftari ambalo kila mmoja huliandika kwa mkono wake. Huko ni jambo la kwenda dukani na kulipa. Hapa kwetu ni jambo la kwenda kwa watu, na hapo ndipo penye tofauti.

WALIMWABUDU NANI?

Wagusii wa kale walimjua Mungu mmoja aliyeumba kila kitu, naye wakamwita Engoro. Lakini Engoro alikuwa mbali, hakuingilia shughuli za kila siku. Waliokuwa karibu ni wahenga, ambao roho zao huitwa ebirecha. Mtoto akiugua bila kupona au ng'ombe wakifa kwa mfululizo, watu walimwendea omoragori, yaani mpiga ramli, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyesema ni mhenga gani aliyekasirika na ni mnyama gani achinjwe ili atulie.

Kwa hiyo, msomaji, dini hii haikuwa na duka la vyombo vyake wala kitabu. Madhabahu yake yalikuwa boma la familia. Ukitaka vyombo vyake, jua mapema kwamba unaulizia vyombo vya familia ya mtu.

Wala usidhani kwamba wewe ndiwe wa kwanza kutaka kuirudia njia ya mababu. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba amepewa ujumbe na Mumbo, joka kubwa la ziwani. Dini hiyo ya Mumbo ilifika Gusii, ikachanganyika na sifa za Sakawa, mwaguzi ambaye wazee husimulia kwamba alitabiri kuja kwa wazungu. Serikali ya kikoloni iliiogopa hata ikawahamisha baadhi ya viongozi wake hadi Lamu.

VITABU VIKO WAPI?

Usitarajie kuvipata Keroka. Katika maduka ya hapa utakuta zaidi vitabu vya shule, Biblia na vitabu vya nyimbo. Lakini usiidharau Biblia hiyo. Biblia nzima ya Ekegusii ilitoka mwaka 1988, na Mungu aliyemo anaitwa Nyasae, jina linaloshabihiana na Nyasaye wa Wajaluo. Jina la Engoro lilibakia midomoni mwa wazee. Kijana anayetaka kujua jinsi dini moja ilivyoipisha nyingine anaweza kuanza na neno hilo moja tu.

Vingine vitafute Nairobi, kwenye maktaba za vyuo vikuu na kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaovipanga chini kando ya barabara. Cha kwanza ni A Pre-colonial History of the Gusii of Western Kenya cha Profesa William Ochieng', kilichotoka mwaka 1974. Ochieng' hakuwa Mgusii, lakini aliwasikiliza wazee na kuyaandika masimulizi yao. Cha pili ni Nyansongo cha Robert na Barbara LeVine, cha mwaka 1966, kinachoeleza maisha ya boma moja baada ya jingine, malezi, ndoa na hofu za watu. Ukitaka habari za Mumbo, soma Rural Rebels cha Audrey Wipper, cha mwaka 1977.

Ongeza viwili vinavyobishana. John Mbiti, aliyekuwa kasisi, alichapisha African Religions and Philosophy mwaka 1969 akionyesha kwamba Mwafrika ni mtu wa dini katika kila afanyalo. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek wa Uganda aliandika African Religions in Western Scholarship, akawalaumu wasomi kwa kumpaka Mungu wa Waafrika rangi ya Mungu wa Wagiriki na wa Wakristo. Viweke vyote viwili kwenye rafu moja. Kimoja kitakupa moyo, kingine kitakuzuia usiamini kila ulichosoma.

Kama fedha hazitoshi, nenda kwenye Jumba la Kumbukumbu za Taifa jijini Nairobi. Humo mna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, aliyejiuzulu mwaka 1966 na ambaye alikusanya maelfu ya vitabu adimu pamoja na kazi za sanaa. Murumbi hakuvificha. Leo mwanafunzi yeyote anaweza kwenda kuvitazama.

VYOMBO NA MAANA YAKE

Sasa turudi Keroka. Vyombo vingine utavinunua bila wasiwasi. Wimbi lipo sokoni. Ni nafaka iliyowalisha walio hai na kutumika kuwakumbuka waliotangulia. Ulizia ekee, kikapu kilichosukwa kwa kubanwa sana, ambamo ugali wa wimbi huandaliwa mbele ya wageni. Mawe ya kuchongwa yanatoka Tabaka, upande wa Mugirango Kusini, na ni afadhali ufike huko umwone fundi akilikata na kulisugua jiwe kuliko kununua sanamu iliyosafirishwa hadi Nairobi.

Obokano ni habari nyingine. Hiki ni kinubi cha nyuzi nane, kikubwa, chenye sauti nzito inayonguruma kifuani. Usikinunue ili ukitundike ukutani. Lipia masomo kwa mpigaji, maana chombo hiki kisipopigwa hufa.

Halafu kuna vitu ambavyo hupaswi kuvinunua hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Ebitinge ni pete za chuma ambazo mwanamke alivishwa miguuni katika sherehe ya ndoa iitwayo enyangi. Zilikuwa ushahidi kwamba ameolewa kikamilifu. Kijana mwenye njaa anapokuuzia ebitinge za nyanya yake, anakuuzia ndoa ya watu. Siku moja wenyewe watazitafuta.

Wamijikenda wanayajua machungu haya. Mwaka 1985 familia moja ya Kaloleni iliibiwa vigango viwili, zile nguzo za kuwakumbuka wazee waliofariki. Vilikutwa Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho na kingine katika chuo kikuu, vikarudishwa mwaka 2007. Ni miaka 22 familia ikiwadai mababu zake.

Sheria nayo ina lake la kusema. Kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, kisipokuwa kitabu au hati, ni kitu cha kale, na hakitoki nje ya Kenya bila kibali.

HATARI ILIYOPO

Hapa naomba usome polepole. Kwa mgeni kutoka jijini, vibuyu vyote ni vibuyu. Kwa Mgusii, sivyo. Omoragori ni mpiga ramli. Omonyamosira ni mtu wa dawa kali za kulinda na kulipiza. Omoriori ni anayefukua vitu vilivyofichwa na wachawi. Omorogi ndiye mchawi mwenyewe, adui wa wote. Ukichanganya majina haya mbele ya watu, unaweza kumpa mtu asiye na hatia jina litakalomuua.

Hiki si kitisho cha kutunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gusii ilikumbwa na wimbi la kuwaua walioshukiwa kuwa wachawi, na Justus Ogembo ameliandikia kitabu kizima. Mwezi Mei mwaka 2008 watu wasiopungua 11 walichomwa moto katika vijiji vya Kisii. Oktoba mwaka 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani. Mara nyingi wanaouawa ni wajane na wakongwe wanaoishi peke yao, na wakati mwingine kuna shamba ambalo mtu analimezea mate.

Aidha, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyoachwa na wakoloni, bado imo katika vitabu vyetu. Inamtia hatiani mtu anayepatikana na hirizi au vifaa vya uchawi vya kutishia au kudhuru wengine, akishindwa kutoa sababu ya maana ya kuwa navyo. Ni kweli Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Lakini umati wenye mawe hauna Katiba mfukoni.

Sasa fikiria. Unaingia kijijini jioni, hujulikani, unamwuliza bibi kizee kwa mnong'ono kama ana "vitu vya kale". Unampa noti kadhaa, unaondoka na kibuyu ndani ya mfuko. Wewe kesho uko Nairobi. Yeye amebaki na majirani waliokuona, na ule mnong'ono umebaki naye. Kibuyu chako cha pembeni mwa chumba kimemgharimu nini?

UENDE VIPI?

Nenda mchana. Pitia kwa mzee wa kijiji au naibu wa chifu, ujitambulishe kwa jina la baba yako na unakotoka. Ukifika bomani, salimu kwanza: "Bwakire." Mwanamke mkongwe mwite magokoro, mzee mwite sokoro, na usikae kabla hujaonyeshwa pa kukaa. Beba sukari na mkate. Hakikisha mtoto au mjukuu wa nyumba hiyo yupo, asikie kila unachouliza.

Usiulize habari za uchawi. Uliza watu waliombaje mvua ilipokosekana, mtoto alipewaje jina, enyangi ilifanywaje, na mzee alizikwa akielekea wapi. Usipige picha bila ruhusa. Ukionyeshwa chombo, kitazame, uulize ni cha nani na kilifanya kazi gani, kisha ukirudishe mikononi mwa mwenyewe. Yaandike maelezo hayo siku hiyo hiyo, kwa Ekegusii kama alivyosema, kisha kwa Kiswahili. Ukiyachapa, mpelekee nakala.

Ukitaka chombo chako mwenyewe, agiza kipya. Mfinyanzi atakufinyangia chungu, msusi atakusukia ekee, na fundi wa Tabaka atakuchongea bakuli. Fedha zako zitamfikia aliye hai, na hakuna kaburi litakalokudai. Ukitaka kuviona vya zamani, kuna Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, na yale ya Nairobi.

Na kabla hujapanda matatu ya kurudi, ukipata nafasi fika Manga, kwenye ule ukingo mrefu wa mlima. Siku isiyo na mawingu utaliona Ziwa Viktoria kwa mbali. Wenyeji watakusimulia habari za Ngoro ya Mwaga, shimo lenye visa vingi kuliko vyombo vyote vya sokoni. Visa hivyo utavipata bure, na hakuna wa kukudai.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Walisema pia kwamba ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Anayeitafuta dini ya mababu asimsahau nyanya aliye hai, kwa maana anayoyajua hayamo katika kitabu chochote nilichokutajia, na anahitaji kuishi kwa amani na majirani zake baada yako kuondoka.