Usikaze Skurubu, Badilisha Boksi

Wasee, watu wakisikia niliacha chuo huuliza, "Sasa unajua nini?" Kwa sasa najua stiaringi boksi ya Mercedes W123 ya babu. Hiyo gari ilizinduliwa 1976, na ndiyo humpeleka nyanya kliniki hapa Kisumu.

Usukani ulikuwa umelegea: unakata, tairi zinachelewa kusikia. Wengi walisema, "Kaza tu skurubu ya juu ya boksi." Ni rahisi, kweli. Lakini boksi huisha zaidi pale katikati, kwa sababu muda mwingi tunaendesha moja kwa moja. Ukikaza mpaka katikati pabane, kwenye kona itakuwa ngumu na usukani unaweza kukataa kurudi. Hebu fikiria hiyo ikitokea Kondele, bodaboda kila upande.

Fundi wetu wa jua kali alikataa. Akafunga boksi ingine, usukani na tairi zote zikiangalia mbele. Akainua gari na jeki, akajaza oili, akazungusha usukani huku na huku mpaka mapovu yakaisha.

Huyo fundi hana cheti. Lakini kabla ya kutaja bei aliuliza gari humbeba nani. Ukiwa na gari ya zamani, tafuta fundi wa kuuliza hivyo.