Safari ya Kimondo na Funzo la Upupu

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia, na malori hupanga foleni usiku na mchana. Vijana wa mji kama huu hawapati nafasi kubwa ya kunyoosha viungo. Kwa hiyo, mwezi wa Juni, niliwachukua wanafunzi wangu wa chuoni tukaenda kukitazama kimondo kilichoko Ndolezi, wilaya ya Mbozi, katika mkoa wetu wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016. Gari lilituacha barabara kuu, tukaendelea kwa miguu ili miili ipate mazoezi.

Kimondo hicho ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake hukisiwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani, ila habari zake zilienea kwa wageni tangu mwaka 1930. Nilikusudia kuwasomesha hapo Surat Al-Hadid, ambamo Mwenyezi Mungu ametaja kuteremsha chuma. Lakini somo jingine lilitutangulia njiani.

Vijana walikuwa wakishindana mbio. Mmoja alikatiza kichakani apate kuwapita wenzake. Mara akarudi akijikuna shingo na mikono, machozi yakimtoka. Nikatambua kuwa ni upupu. Nami nikikumbuka jinsi watundu wa shule walivyokuwa wakiumwaga juu ya madawati, nikamgeukia kijana mmoja ajulikanaye kwa utundu, nikamkemea mbele ya wote. Akasema kwa adabu, "Maalim, wallahi si mimi." Sikumsikiliza.

Mzee mmoja wa pale ndiye aliyetuonyesha adui mwenyewe: mmea utambaao juu ya miti, wenye maganda yaliyopinda na kufunikwa vinyoya vya rangi ya hudhurungi. Mvua zikiisha maganda hukauka, na upepo mdogo watosha kuvipeperusha vinyoya hivyo. Hudunga ngozi na kuingiza kitu kiwashacho. Mzee alimkataza kijana kujikuna, kwani kukuna huvieneza na kuvizamisha. Tukamvua shati, mzee akaleta unga uliokandwa, ukawa unabandikwa na kubanduliwa mpaka vinyoya vikatoka. Kisha tukammwagia maji mengi bila ya kumsugua.

Basi, enyi wazazi na vijana, mazoezi ni mema, na mwili ni amana. Vaeni nguo za mikono mirefu, fuateni njia iliyofyekwa, wala msishike mmea msioujua. Nguo iliyopatwa na upupu ifuliwe peke yake. Hata mnyaa tuupandao kuwa ua, utomvu wake mweupe huunguza ngozi na waweza kupofusha. Kitu cha namna hiyo kikiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi, na mtu apelekwe hospitali upesi.

Tulipofika kwenye kimondo, nilimwomba radhi yule niliyemdhania, mbele ya wale wale niliomkemea mbele yao. Surat Al-Hujurat imetukataza dhana mbaya, nami ndiye niliyewasomesha sura hiyo.

Wakati wa kurudi, kijana huyo huyo alitutaka tukate matawi makavu tuzibe upenyo wa kile kichaka, watoto wengine wasipite. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Siku ile mwanafunzi alimkumbusha mwalimu wake.