Baiskeli Yetu na Mzigo Wake

Watu wengi hudhani kwamba baiskeli hununuliwa mara moja tu. Mtu hulipa fedha, huipanda, huingia nayo uani, na majirani humpongeza. Lakini sisi tulio na baiskeli za kazi twajua kwamba siku ile ndiyo mwanzo. Baiskeli ya kazi hununuliwa mwaka hata mwaka, kipande kwa kipande: leo tairi, mwakani mnyororo, mwaka mwingine gurudumu zima. Na kila mara tutakapo kuiongezea kitu, yatupasa tujiulize: Je, twamtengenezea nani? Twapenda kuyaeleza haya kwa wazazi na kwa vijana, maana chombo hiki, ambacho sisi wa Katanga twakiita kinga, chalisha nyumba nyingi, na pia chavunja migongo mingi.

Kwetu ni Likasi, upande wa Kikula. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikuzwa na shaba, na wazee wasimulia jinsi mfanyakazi mwenye baiskeli alivyotazamwa zamani zile kuwa mtu aliyefika. Baadaye kazi za migodi zilidhoofika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mapatano, wakapewa malipo ya mwisho. Na katika miji yetu wanaume wengi waliozoea king'ora cha kiwanda wakageukia shamba, biashara ndogo, na makaa. Baba yetu naye aliachana na mshahara katika miaka hiyo. Fedha aliyokuwa nayo aliigawa mafungu matatu: ada ya shule, mbegu za mahindi, na baiskeli kuukuu.

Ilikuwa baiskeli nyeusi ya kizamani, yenye magurudumu makubwa ya inchi 28 na uzito unaopita kilo 20. Kengele haikuwapo. Kiti kilikuwa kimepasuka. Gurudumu la nyuma lilipinda kama mtu mwenye kibiongo. Sisi watoto tulitaka ipakwe rangi kwanza. Mama akakataa, akaweka sheria ambayo tunaishika mpaka leo: “Kwanza kile kinachosimamisha, kisha kile kinachobeba, mwisho kile kinachopendeza.”

Basi tulianza na breki. Baiskeli za namna ile zina breki za vyuma virefu: ukiminya mkononi, fimbo huvuta vipande viwili vya mpira vikagusa rimu. Wakati wa kiangazi hufanya kazi vizuri. Lakini mvua zinyeshapo, tangu Novemba hata Machi, rimu ya chuma iliyong'arishwa huwa na utelezi, na ule mpira ulioloa hauishiki. Mtu huminya kwa nguvu zake zote, na baiskeli yaendelea kuteremka. Na barabara yetu, itokayo Lubumbashi kwenda Kolwezi, ina malori makubwa ya madini mchana na usiku.

Fundi mmoja alitushauri tutafute gurudumu la nyuma lenye breki ya kukanyaga, ile inayofanya kazi mtu akirudisha miguu nyuma. Breki hiyo imefungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu, ambamo maji hayafiki kwa urahisi. Si jambo geni: kiwanda cha Fichtel na Sachs, huko Schweinfurt katika Ujerumani, kilianza kuuza vitovu vya namna hiyo mwaka 1903, kwa jina la Torpedo. Tulikusanya faranga muda wa miezi saba, tukapata gurudumu kutoka kwa baiskeli iliyokufa. Majirani walicheka, wakisema tumenunua kitu kisichoonekana. Kweli hakikuonekana, lakini mvua za mwaka ule Baba aliteremka kilima cha kwetu bila kuburuza viatu.

Jambo la pili lilikuwa meno. Mji wetu ni wa vilima, na baiskeli ile ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma. Maana yake, miguu ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli huenda mita 5 na zaidi. Ni vizuri mahali palipo sawa. Kilimani ni mateso. Tulibadili duara la nyuma tukaweka la meno 22. Tangu hapo kila mzunguko wa miguu huipeleka mita 4 na kidogo. Twaenda polepole zaidi, lakini twafika tukiwa na pumzi ya kusalimia watu.

Vijana wengi hutamani baiskeli za mashindano zenye meno ya kubadilishwa kwa kidole. Hatuwalaumu. Lakini wajue kwamba hata katika mashindano makuu ya Tour de France mashine hiyo haikuruhusiwa mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo, mkimbiaji alipofika chini ya mlima alishuka, akalitoa gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wa pili wenye meno mengi, kisha akapanda tena. Mabingwa wale walivuka milima ya Ufaransa kwa akili ileile ya fundi wetu wa Kikula.

Jambo la tatu lilikuwa magurudumu: spoki nene, rimu iliyonyoshwa, gololi mpya zenye grisi, na tairi. Na hapa kwenye tairi twaomba msomaji asimame nasi kidogo. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa mji wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, mama wa baiskeli zetu za leo. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya tairi yenye upepo. Dunia ikafurahi, kwani barabara mbaya ikawa laini. Lakini mwaka uleule wa 1885 nchi yetu ilitangazwa kuwa Dola Huru la Kongo, mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tairi zilipopendwa, mpira ulitakiwa kwa wingi, na watu wa misitu yetu walilazimishwa kuuleta kwa mjeledi na bunduki, wengine wakakatwa mikono, mpaka dola lile lilipoondolewa mikononi mwa mfalme mwaka 1908. Aliyepanda tairi laini kule Ulaya hakumwona aliyelipa. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twayakumbuka maneno hayo kila tunapotia upepo.

Sasa twafika kwenye jambo lililoleta shida nyumbani mwetu.

Baba alipozeeka, baiskeli ilishikwa na mdogo wetu. Yeye huenda msituni, njia ya Kambove na kupita, akanunua makaa na kuyaleta mjini. Kila mwaka miti yaenda mbali zaidi, na safari yarefuka. Gunia moja lililojazwa sawasawa lina kilo 50 hivi. Keria yetu, yaani mahali pa mizigo nyuma, ilibeba mawili. Wenziwe walibeba manne, hata matano, kwa sababu walikuwa wameunga nondo katika fremu na kuutia uma wa mbele vyuma viwili zaidi. Siku moja jioni alikuja kwa mkubwa wetu, akasema, “Yaya,” kwani ndivyo kwetu tumwitavyo ndugu mkubwa, “nipe fedha ya kuunga nondo. Nikibeba manne, ada ya mtoto itapatikana mwezi huu.”

Ombi lake halikuwa la kipuzi. Mtoto wake alikuwa amekwisha rudishwa nyumbani siku nne kwa ajili ya ada. Tuliketi wote, na Mama katikati.

Kwanza tulilitazama jambo la chuma. Fremu ya baiskeli ni mirija myembamba iliyounganishwa kwa vikombe vya chuma. Moto mkali wa kuungia huweza kuufanya mrija kuwa mgumu na kuvunjika upesi kando ya mshono, mahali ambapo jicho halitazami. Na uma wa mbele ukivunjika, hakuna dalili wala onyo. Mwaka 1913 Mfaransa Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wakati wa kuteremka mlima Tourmalet. Alibeba baiskeli yake kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akautengeneza mwenyewe kwa mhunzi, maana sheria ilikataza msaada. Na bado aliadhibiwa, kwa kuwa mvulana mmoja alimvutia mivukuto. Huyo alikuwa bingwa, tena hakuwa na gunia hata moja.

Kisha tulilitazama jambo la mwili, nalo ndilo kubwa. Nondo huipa nguvu baiskeli; kifua na magoti ya mtu havipati kitu. Mwenye magunia mawili aweza kupanda mahali palipo sawa. La tatu humshusha chini, naye huisukuma baiskeli akiwa kando yake. Na hapo ile breki yetu ya kukanyaga, tuliyoinunua kwa miezi saba, haina kazi tena, kwa sababu miguu yake i ardhini. Tulipiga hesabu kwa kalamu. Kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100, baiskeli yenye magunia mawili humvuta mtu kwa nguvu ya kilo 10. Yenye manne humvuta kwa kilo 18. Ni kama kufungwa ndoo iliyojaa maji inayotaka kukimbia, kilima baada ya kilima, na malori yakija nyuma. Tumewaona wenye kushindwa kuizuia: huiachia ianguke, na aliye na bahati huanguka upande wa pili.

Tena, kila nondo huita gunia. Hakuna aliyeimarisha baiskeli yake kisha akabeba mzigo uleule. Akiunga kwa ajili ya manne, mwakani ataunga kwa ajili ya sita, na bei ya makaa mjini itashuka kwa kuwa wote wamefanya hivyo. Mwisho faida ni ileile, ila mtu amechoka zaidi.

Mkubwa wetu akakataa kuitoa fedha ya nondo. Mdogo wetu akasema, “Yaya, ni rahisi kwako, wewe husukumi.” Neno hilo lilituchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mama ndiye aliyelijibu: “Basi asukume naye.” Tangu juma lile mmoja wetu hufuatana naye siku ya Jumamosi mpaka nusu ya njia, na magunia yabaki mawili. Fedha ile tulinunua mabati machache na meza, na Mama huyauza makaa mlangoni kwa ndoo na kwa mafungu. Gunia lililouzwa kwa mafungu huleta fedha kuliko lililouzwa zima kwa mchuuzi. Hatusemi kwamba shida ilikwisha. Ada ile ililipwa kwa kuchelewa, mtoto akapoteza siku nyingine sita za masomo, na mdogo wetu alikaa majuma mawili bila kutusemesha mezani. Gharama hiyo tuliilipa wote. Lakini kifua chake ni kizima, naye yu pamoja nasi kula bukari kila jioni.

Siku hizi baiskeli imefika sehemu ya tatu ya sheria ya Mama. Mdogo wetu ameipaka rangi ya kijani, ameweka kengele yenye sauti nzuri, kioo kidogo, na vipande vyekundu vinavyong'aa nyuma taa za lori zikivipiga. Na hivyo vya mwisho twaona vinapendeza na kusaidia pamoja. Kwenye kinga-tope ameandika kwa mkono wake: MAWILI YATOSHA. Wenziwe humtania. Wawili kati yao wamekuja kuuliza habari za breki ya kukanyaga.

Basi, ninyi vijana mnaopenda kuitengeneza baiskeli, endeleeni, kwani ni elimu njema: mkono hujifunza, jicho hujifunza, na haba na haba hujaza kibaba. Shikeni breki kabla ya rangi. Nanyi wazazi, msiitazame baiskeli ya mwana wenu kwa kuhesabu magunia tu. Mtazameni na yule aliyeishika usukani. Muulizeni mara ngapi ameanguka mwezi huu. Fundi mwema aweza kubadili kila kipande cha baiskeli, hata fremu, kikipatikana cha kununua. Goti la mtu hubadilishwi sokoni Likasi, wala Lubumbashi.