Kizazi cha Dada

Mimi ni kijana wa miaka 24. Nilimaliza kidato cha nne, sikubahatika kuendelea. Ninaishi kwa dada yangu Tandika, Dar es Salaam, na katika chumba anachonipa bure nina kaunta buku tatu zilizojaa riwaya yangu. Wengi mnaosoma kurasa hizi mnazo kaunta buku kama hizo chini ya godoro, kwa hiyo mtanielewa. Katika sura ya 14 nilimwandika mwanamke mmoja, Zuhura, anayetolewa kizazi hospitalini. Mumewe anamfukuza usiku wa mvua, naye anakwenda kujitosa baharini pale Kivukoni. Nilipomaliza sura ile nililia mwenyewe. Nikasema hapa sasa nimeandika!

Ndugu zangu, nataka niwasimulie kwa nini nimeichana.

Dada ana miaka 38. Ana binti mmoja wa miaka 13, wa ndoa yake ya kwanza. Miaka miwili iliyopita aliolewa tena na shemeji, fundi seremala, mtu mpole ambaye hajawahi kupata mtoto. Dada anauza mitumba ya watoto karibu na soko. Kwa muda mrefu nilimwona anachoka, nikadhani ni jua. Nilimwona anajifunga khanga mbili hata katika joto la Januari, nikadhani ni heshima. Kumbe alikuwa anavuja damu. Siku zake, zilizokuwa tano, zilifika kumi na mbili, na damu ilitoka mabonge mabonge. Alinificha kwa sababu mimi ni mtoto wa kiume, na mimi sikuuliza kwa sababu hiyo hiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa Dada ilibaki kidogo tu. Alianguka kwenye daladala ya Kariakoo, na konda akakifunika kile kiti kwa gunia.

Hospitali walipima wingi wa damu wakakuta 6, wakati mwanamke mzima anatakiwa awe na 12 au zaidi. Akaongezewa damu, kisha akapigwa picha ya ultrasaundi. Katika mfuko wa uzazi kulikuwa na uvimbe mwingi, mmoja mkubwa kama chungwa. Shemeji alikuwa na kazi Bagamoyo, basi mimi ndiye niliyeingia na Dada kwa daktari. Nilitamani sakafu ipasuke nizame.

Daktari alikuwa mama wa makamo, asiye na haraka. Alisema uvimbe huu unaitwa fibroidi. Ni misuli ya kizazi chenyewe inayojikunja na kukua, na ni mara chache mno kuwa saratani. Si laana, wala si ugonjwa wa wasiozaa. Baadaye nilisoma kwamba utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2003 ulikadiria kuwa wakifika umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake weusi 80 katika kila 100 huwa nao, na wengi hawajui kwa kuwa hauwasumbui. Wa Dada ulimsumbua kwa sababu baadhi yake ulikuwa umesukumia ndani, pale damu ya hedhi inapotoka.

"Mama, vidonge vya kupunguza damu umeshatumia miezi minane," daktari alisema. "Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza, tunatoa uvimbe, kizazi kinabaki. Unaweza kupata mimba, ingawa kwa umri wako siwezi kukuahidi, na ukijaliwa huenda ukajifungua kwa upasuaji. Lakini uvimbe unaweza kuota tena, maana ile midogo kama punje hatuioni. Ya pili, tunatoa kizazi chote. Hapo damu imekwisha, uvimbe haurudi, na uzazi ndiyo mwisho. Mayai tunaweza kuyaacha, kwa hiyo hutakuwa mzee ghafla kama watu wanavyosema."

Dada aliuliza swali moja tu: "Ipi inaua?"

"Zote ni upasuaji mkubwa. Ya kwanza inaweza kutoka damu nyingi sana. Ikikataa kukata, tutalazimika kukitoa kizazi ili tukuokoe."

Tuliporudi nyumbani, kila mtu akawa daktari. Jirani alileta chupa ya mizizi, eti inayeyusha uvimbe. Mama mkwe wa Dada alikuja kutoka Kibaha, akakaa mkekani akasema, "Mwanangu, nyumba haijapata hata mlio wa mtoto, mnataka kuing'oa nguzo?" Shemeji alitoka nje. Aliporudi alimwambia Dada mbele yetu, "Mimi nilikuoa wewe. Kitoe."

Na mimi nikasema kitoe. Nilisema zaidi ya wote. Mama yetu alifariki kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, nikiwa na miaka minne. Kichanga naye hakuishi. Dada, wakati huo ana miaka 18, ndiye aliyenibeba mgongoni siku ya msiba. Sura ya mama siikumbuki, nakumbuka khanga ya Dada. Kwa hiyo niliposikia neno damu sikuweza kufikiri jambo jingine. Sikutaka kumzika mama mara ya pili. Nilimfuata jikoni, nilimfuata uani, nikamwambia una mtoto tayari, unataka nini tena?

Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika. Dada akaniita, akasema, "Mdogo wangu, si unajua kuandika? Lete daftari." Nikachukua kaunta buku ya tatu, nikageuza nyuma. Akaniambia nichore mstari katikati, upande huu kutoa uvimbe, upande huu kutoa kizazi. Nikaandika yote aliyosema daktari, kwa mwanga wa simu. Nilipomaliza nikamsomea. Kwa kweli upande wa kizazi ulionekana mzuri zaidi, na labda niliuandika kwa kalamu ya upendeleo.

Alinyamaza sana. Kisha akasema:

"Mama mkwe amenikataza. Mume wangu ameniruhusu. Wewe umenisihi. Hakuna aliyeniuliza."

Nilijisikia aibu kuliko ile ya kwa daktari. Nikamwuliza, "Haya Dada, wewe unataka nini?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hii damu naijua mimi, na hamu ya mtoto naijua mimi. Simzalii mama mkwe, wala mume wangu. Nataka kujaribu mara moja. Watoe uvimbe. Na wakifika humo ndani wakaona sifiki, wakitoe. Hapo sitamlilia mtu. Lakini wewe ukinishikia kisu leo, nitakulaumu mpaka uzeeni."

Nilitaka kubisha. Nikaandika chini ya mstari: Dada amechagua upande wa kushoto.

Miezi miwili alimeza vidonge vya madini ya chuma, pamoja na vya kupunguza damu, mpaka wingi wa damu ukafika 11. Hospitali wakataka ndugu wachangie damu. Uzito wa chini ulikuwa kilo 50, mimi nilikuwa na 51. Nesi akacheka, "Wewe umepona kwa kilo moja." Nikalala pale nikiangalia ule mfuko unajaa taratibu. Nilikuwa nimeandika neno damu mara ngapi katika riwaya yangu? Sikuwa nimeijua.

Fomu ya ridhaa alitia sahihi mwenyewe, pamoja na ule mstari unaosema kizazi kitolewe ikibidi. Upasuaji ulichukua saa tatu. Mimi na shemeji tulikaa kwenye benchi bila kuongea. Daktari alitoka akasema wametoa uvimbe tisa, damu imetoka lakini imekata, kizazi kipo.

Kwa wiki sita Dada alikatazwa kuinua ndoo. Maji nilichota mimi, mitumba niliuza mimi, na nguo zake zenye damu nilifua mimi, uani, majirani wakitazama. Kama atapata mtoto, kama uvimbe utarudi, hayo hatuyajui. Juzi alipata siku zake, zikawa tano. Akaniambia mwenyewe, kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira.

Ndiyo maana nimeichana sura ya 14. Wodini, kitanda cha jirani, alilala mama aliyechagua kutolewa kizazi. Alikuwa anatuchekesha mpaka Dada anashika mshono, na mumewe alimletea uji kila asubuhi. Hakuna aliyekwenda Kivukoni. Zuhura nilimwua kwa sababu sikumwuliza anataka nini. Sasa ninaiandika upya, na kila jioni Dada ananiuliza, "Zuhura kaamuaje?" Namjibu bado anafikiri.